Sura ya Tano: Nani Atafundisha Kiingereza?

Ijumaa ya tarehe 13 Februari 2015, Rais Jakaya Kikwete alizindua jijini Dar es Salaam Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014. Ukiifungua sera hiyo kwenye sehemu ya lugha, utakuta matamko mawili yamekaa bega kwa bega. La kwanza linasema Kiswahili kitatumika kufundishia na kujifunzia katika ngazi zote za elimu na mafunzo. La pili linasema serikali itaendelea kuimarisha matumizi ya Kiingereza katika kufundishia na kujifunzia, nako ni katika ngazi zote za elimu na mafunzo. Vyombo vya habari vya nje vililibeba lile la kwanza na kutangaza kwamba Tanzania imekipa Kiingereza talaka. Shuleni hakukuwa na talaka yoyote. Vipindi vya kidato cha kwanza viliendelea na vitabu vilevile vya Kiingereza, na mitihani ikaja kwa lugha ileile.

Ni rahisi kuwacheka waandishi wa sera ile, lakini walichokiandika ni sura halisi ya nchi. Mzazi anayekisifu Kiswahili mkutanoni ndiye huyohuyo anayekopa ada ili mwanawe asome ingilishi midiamu. Tunakitaka Kiswahili kwa sababu ndicho tunachokielewa, na tunakitaka Kiingereza kwa sababu ndicho kinachotajwa kwenye matangazo ya kazi. Tumebishana juu ya hayo tangu uhuru, na katika ubishi wote huo swali moja limekuwa likija mwisho, pengine lisije kabisa: nani atakifundisha hicho Kiingereza?

Sura hii inamfuata mtu huyo, mwalimu wa Kiingereza, kupitia awamu za utawala na misukosuko ya sera zake. Siasa zilibadilika, na kauli kuhusu lugha zikabadilika nazo. Ila mtoto kujua Kiingereza au kutokijua kulitegemea nani amesimama mbele ya ubao, alisomea wapi, na ana vitabu gani mezani.

Wazee wa Cambridge

Kila mmoja wetu amewahi kuisikia kauli hii barazani: darasa la nane wa zamani alijua Kiingereza kuliko mwenye digrii wa leo. Wanaoisema huhitimisha kwamba dawa ni kurudisha Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu utotoni. Kabla ya kuikubali dawa hiyo, tuangalie hali ilivyokuwa.

Mwaka 1961 Tanganyika ilirithi mfumo wa ngazi. Madarasa manne ya mwanzo yalifundishwa kwa Kiswahili. Katika shule za kati, yaani darasa la tano hadi la nane, Kiingereza kilipewa nafasi zaidi kila mwaka mpaka kikawa lugha ya kufundishia. Sekondari ilikuwa Kiingereza kitupu. Kila ngazi ilikuwa pia chujio. Wengi waliishia darasa la nne, wengine la nane, na waliopenya hadi Tabora, Pugu au Minaki walikuwa wachache mno. Walioingia walikuta madarasa madogo, maktaba yenye vitabu, bweni, na mtihani wa Cambridge mwishoni.

Walikuta pia walimu wanaokizungumza Kiingereza tangu utotoni. Walikuwapo wamisionari na Waingereza wa serikali ya kikoloni. Kuanzia 1961 wakaja vijana wa Kimarekani wa mpango wa Teachers for East Africa, ulioratibiwa na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, kisha wa Peace Corps. Mwanafunzi aliyechujwa mara tatu, akawekwa bweni moja na wenzake wa makabila mengine, akapewa kitabu chake mwenyewe na mwalimu wa namna hiyo, angejua Kiingereza hata kama jiografia ingefundishwa kwa Kiswahili. Wazee wa Cambridge ni ushahidi wa walimu wazuri na vitabu vya kutosha. Wameitwa ushahidi wa lugha ya kufundishia, na tangu hapo mjadala wetu umekaa upogo.

Mantiki ya 1967

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, elimu ilifuata mwezi Machi kwa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Humo Mwalimu Nyerere aliieleza hali ilivyo: watoto kama 13 tu kati ya kila 100 waliomaliza shule ya msingi ndio wangepata nafasi ya sekondari. Ikiwa ni hivyo, shule ya msingi haiwezi kuwa sebule ya kusubiria sekondari. Lazima iwe elimu kamili, inayomwandaa mtoto kwa maisha atakayoishi kijijini. Kutokana na mantiki hiyo, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi, na Kiingereza kikabaki kuwa somo.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na sijaona hoja ya kuutengua. Mtoto alijifunza hesabu na sayansi kwa lugha aliyoielewa, na taifa likapata kizazi kilichosoma na kuandika Kiswahili kuanzia Kigoma hadi Mtwara. Tatizo lilikuwa kwenye ile sehemu ya pili, “kikabaki kuwa somo”. Somo linahitaji mwalimu wa somo, na kuanzia hapo mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi hakuwa ajenda ya mtu. Sekondari nako walimu wa kigeni walianza kuondoka. Peace Corps walifunga virago 1969, na mwaka 1971 Tanzania ikajitoa kwenye mitihani ya pamoja ya Afrika Mashariki iliyorithi ile ya Cambridge. Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa 1973. Hatua hizo zilikuwa za heshima kwa nchi huru. Kwa upande wa Kiingereza, mizizi ya mfumo wa zamani iling'olewa kabla miche ya mfumo mpya haijapandwa.

Mpango wa Pili wa Maendeleo, wa 1969 hadi 1974, ulitazamia kwamba Kiswahili kingepanda hadi sekondari. Masomo machache yalipanda kweli. Siasa ilifundishwa kwa Kiswahili, na sayansi kimu pia. Mengine yote yalibaki yakisubiri.

Mwalimu wa UPE

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Watu waliuita mpango huo UPE, kwa herufi za jina lake la Kiingereza, Universal Primary Education, na jina likaganda. Uandikishaji ulipanda kutoka watoto milioni moja na kitu hadi zaidi ya milioni tatu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni nchi chache maskini zilizowahi kufanya jambo kubwa kiasi hicho kwa muda mfupi namna hiyo.

Walimu wa kuwafundisha watoto hao hawakuwepo, kwa hiyo walitengenezwa njiani. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa makumi ya maelfu na kusomeshwa ualimu hukohuko vijijini kwa muda wa miaka mitatu hivi, huku wakifundisha. Walisoma kwa posta, kwa vipindi vya redio na kwa wakufunzi waliowazungukia, kisha wakamalizia kwa wiki chache chuoni. Waliofaulu walipata cheti cha Daraja la III C. Majirani waliwaita “walimu wa UPE”, na mara nyingi jina hilo lilitamkwa kwa dharau wasiyostahili, maana bila wao mamilioni ya Watanzania wasingejua kusoma.

Tupige hesabu ya kizazi. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza 1967 alisoma kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza akakisoma kama somo tu, akamaliza la saba 1973. Kufikia 1976 anaweza kuwa mwalimu wa UPE. Mafunzo yake ya ualimu anayapata kwa Kiswahili. Siku moja mwalimu mkuu anagawa vipindi na kumwambia: wewe utachukua Kiingereza darasa la tano. Hajawahi kukaa na mtu anayezungumza Kiingereza. Kitabu kilichopo ni kimoja, nacho ni cha mwalimu. Anaandika sentensi kumi ubaoni, watoto wanazisoma kwa kuimba, wanazinakili, kipindi kinaisha. Miaka mitatu baadaye, wachache kati ya watoto hao wanafaulu kwenda sekondari, na huko wanatakiwa kusoma kemia kwa Kiingereza.

Kisha uchumi ukaanguka. Bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na ukosefu wa fedha za kigeni vilimaliza akiba ya nchi, na karatasi za kuchapia vitabu zikawa bidhaa adimu kama sukari na sabuni. Mwalimu wa Kiingereza ambaye tayari hakuwa na lugha sasa hakuwa na kitabu pia.

Tume, ripoti na uamuzi

Mwaka 1980 Rais aliunda Tume ya Elimu chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta. Ripoti yake ya 1982 ilipendekeza waziwazi: Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia Januari 1985, na chuo kikuu kuanzia 1992. Wataalamu wa lugha walishangilia. Miaka michache kabla, Penina Mlama na May Matteru walikuwa wamekamilisha utafiti kwa ajili ya Baraza la Kiswahili la Taifa, wakaonyesha jinsi mwanafunzi wa sekondari anayejieleza vizuri kwa Kiswahili anavyokwama anapotakiwa kusema jambo lilelile kwa Kiingereza.

Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1983 Makweta mwenyewe, akiwa sasa waziri wa elimu, ndiye aliyetangaza kwamba mabadiliko hayatafanyika. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere aliutolea uamuzi huo hoja: Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, kukikataa ni ujinga na wala si uzalendo, na kukiacha kiwe somo la kawaida tu ni kukiacha kife. Mtu aliyeitafsiri tamthilia ya Julius Caesar kwa Kiswahili na kuitoa 1963 hakuwa adui wa Kiswahili. Alikuwa na hofu ya kweli, na hofu hiyo ilitokana na kile alichokiona: Kiingereza kilichokuwa somo tu shule za msingi kilikuwa kimeshadhoofika. Lakini kilidhoofika kwa kukosa walimu, na dawa iliyochaguliwa ilikuwa kukifanya kifundishie masomo mengine ya sekondari, kwa walimu walewale na wanafunzi walewale.

Mwaka huohuo wa 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi kuanzia shule za msingi hadi chuo kikuu. Matokeo yalikuwa ya kutisha. Walikadiria kwamba asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne ndio waliofika kiwango ambacho mtu angetarajia masomo kwa Kiingereza yaanzie. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anayemaliza alikuwa hajafika mahali pa kuanzia. Waliandika pia kwamba huenda hadi asilimia 75 ya ufundishaji, angalau katika miaka ya mwanzo ya sekondari, ulikuwa ukifanyika kwa Kiswahili. Baada ya kuyaeleza yote hayo, walishauri Kiingereza kiendelee kufundishia, na kiimarishwe.

Uingereza ikatoa fedha, na mwaka 1987, katika utawala wa Rais Ali Hassan Mwinyi, ukaanza mradi mkubwa wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza sekondari. Sehemu yake iliyogusa mioyo ya wanafunzi ni vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi. Richard Mabala aliandika “Hawa the Bus Driver” na “Mabala the Farmer”, na Watanzania wengi waliosoma sekondari miaka ya 1990 wanavikumbuka kuliko kitabu chochote cha sarufi. Mwanafunzi alikutana na Kiingereza kinachosimulia maisha anayoyajua: dereva wa basi mwanamke, mfanyakazi wa mjini anayejaribu kilimo. Alicheka, akafungua ukurasa unaofuata bila kulazimishwa. Hapo palikuwa na somo kubwa kwa watunga sera: Kiingereza kinaingia kwa kusomwa sana, kwa hiari, katika vitabu vya kiwango cha msomaji. Fedha za mradi zilipokwisha, masanduku ya vitabu yalichakaa na kwa sehemu kubwa hayakujazwa tena.

Geti la ingilishi midiamu

Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990, mwenye uwezo wa kati aliyetaka mwanawe ajue Kiingereza alimpandisha basi la kwenda Kenya au Uganda. Biashara huria ilipofunguliwa, na vyama vingi viliporudi 1992, shule za msingi za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zikaanza kuchipua mijini. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliupa soko hilo nafasi, na pia ikakifanya Kiingereza kuwa somo la lazima tangu darasa la kwanza katika shule zote. Miaka miwili tu baadaye, Sera ya Utamaduni ya 1997 ikaahidi mpango maalumu wa kukifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Sera mbili, wizara moja, njia panda.

Watoto wakagawanyika. Wenye ada waliingia mabasi ya njano ya ingilishi midiamu. Wengine walibaki shule za serikali, ambazo watani wa mjini walizipa jina la Mtakatifu Kayumba. Waliosoma Mtakatifu Kayumba walisikia utani huo maisha yao yote, na hasa siku ya usaili wa kazi.

Tuwatendee haki wazazi. Mama anayeuza mitumba Manzese na kulipa ada ya shule ya Kiingereza hajadanganyika kuhusu dunia. Anajua usaili hufanywa kwa lugha gani. Anajua pia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Kosa lake, kama lipo, ni kuamini kibao cha getini. Baadhi ya shule hizo zina walimu hodari na vitabu vya kutosha, na wanafunzi wa huko wanakijua Kiingereza pamoja na masomo. Nyingine zina Kiingereza cha kuombea maji. Humo mtoto anavishwa ubao shingoni akikamatwa anaongea Kiswahili, na kuuvua ni mpaka amkamate mwenzake. Adhabu hiyo inamfundisha kunyamaza na kuchongea. Lugha haimo.

Hata Zanzibar, yenye wizara yake ya elimu, ilivutwa na upepo huo. Sera yake ya 2006 iliamua hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kwa mara nyingine, swali la walimu wa kufanya hivyo lilikuja baada ya uamuzi.

Kata, kata, kata

Awamu ya tatu ya utawala, chini ya Rais Benjamin Mkapa, iliondoa ada shule za msingi kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza 2002. Watoto waliofurika darasa la kwanza wangehitaji sekondari miaka saba baadaye. Ukaja mpango wa sekondari, MMES, na kila kata ikaagizwa kujenga shule ya sekondari. Wananchi walichanga, wakasomba mawe na mchanga, na majengo yakasimama. Mwaka 2005 sekondari zote nchini hazikufika 2,000. Mwaka 2010 zilikuwa zimepita 4,000.

Historia ya UPE ikajirudia ngazi moja juu. Waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kutumwa kufundisha. Wananchi, ambao hawakosi jina, wakawaita walimu wa “voda fasta”, kwa kufuata vocha ya simu iliyoongeza salio haraka haraka. Vijana hao nao hawakuwa na kosa. Waliagizwa kufundisha fizikia na historia kwa Kiingereza ambacho wao wenyewe walikuwa bado wanakitafuta, katika madarasa ya wanafunzi 60 au 80, pengine bila maabara wala maktaba.

Mwaka 2010 shirika la Uwezo liliwapima watoto majumbani kwa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Miongoni mwa waliokuwa darasa la saba, karibu nusu walishindwa kuisoma ya Kiingereza. Hao ndio waliokuwa wakielekea shule za kata. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa mwanzoni mwa 2013, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ilipigwa na butwaa, tume ikaundwa, na alama zikakokotolewa upya ili matokeo yapande. Kilichobadilika ni alama.

Dakika arobaini

Tuingie darasani. Ni kipindi cha baiolojia, kidato cha kwanza, shule ya kata ambayo ingeweza kuwa popote. Mwalimu anaandika kichwa cha habari ubaoni kwa Kiingereza. Anasoma fasili taratibu. Anageuka, anaona macho yamemtazama bila kitu ndani yake, anashusha pumzi na kusema, “Yaani hivi…” Kwa dakika kumi anaeleza kwa Kiswahili jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mikono inanyooshwa. Msichana wa nyuma anauliza kwa nini migomba iliyo chini ya mwembe haistawi. Ni swali zuri kuliko yote ya wiki hiyo.

Kisha mwalimu anakumbuka mtihani. Anarudi ubaoni na kwenye Kiingereza. Anataja neno refu nusu, na darasa linamalizia silabi za mwisho kwa pamoja. “Are we together?” “Yes, sir!” Wananakili notisi mpaka kengele inalia. Nyumbani watazikariri kama zilivyo, pamoja na makosa ya kunakili. Casmir Rubagumya na watafiti wengine wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameieleza hali hii kwa miaka mingi. Mwalimu anayefanya hivyo hakiuki kazi yake. Anaiokoa, kwa njia pekee aliyoachiwa.

Mwisho wa safari hiyo unaonekana kwenye taarifa ambazo Baraza la Mitihani huchapisha za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Mwaka hata mwaka, miongoni mwa sababu za kufeli hutajwa udhaifu katika Kiingereza. Wapo watahiniwa wanaonakili swali na kuliandika kama jibu. Wapo wanaojibu kwa Kiswahili, na jibu lenyewe halina alama hata likiwa sahihi. Yule msichana wa migomba anaweza kuwa mmojawapo. Anajua jani linafanya nini, na cheti chake kitasema hajui.

Hapo ndipo hasara mbili zinapokutana. Kukifanya Kiingereza kifundishie masomo ili watoto wakijue ni sawa na kumtupa mtoto kilindini ili ajifunze kuogelea: wachache huibuka, na tunawatumia hao kama mfano. Waliobaki hawapati baiolojia, na Kiingereza pia hawapati, maana lugha haijengwi kwa kunakili usichokielewa. Martha Qorro, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amelirudia jambo hili kwa miongo kadhaa: kufundisha Kiingereza ni kazi moja, na kufundisha kwa Kiingereza ni kazi nyingine.

Funzo la Kigali

Anayedhani tatizo ni ukosefu wa utashi wa kisiasa atazame Rwanda. Oktoba 2008 baraza la mawaziri la nchi hiyo liliamua shule ziache Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza. Utashi ulikuwepo tele. Rwanda ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, na mwaka 2009 ikajiunga na Jumuiya ya Madola. Lakini walimu wengi walikuwa wamesomea Kifaransa, wakapelekwa kwenye kozi fupi za likizo na kurudi madarasani. Kufikia 2011 Kinyarwanda kilirudishwa kufundishia madarasa matatu ya mwanzo. Mwishoni mwa 2019 serikali ikageuka tena na kutangaza Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Amri ilibadilishwa mara tatu ndani ya miaka kumi na moja. Kumwandaa mwalimu mmoja wa lugha, tangu anapoingia chuoni mpaka anapokomaa kazini, huchukua karibu muda huo wote.

Nasi tumepiga zigizaga yetu. Sera ya 1995 iliweka somo la Kiingereza darasa la kwanza. Mwaka 2015, ili watoto wamudu kwanza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, somo likasogezwa hadi darasa la tatu. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umelirudisha darasa la kwanza. Kila mara majadiliano yalikuwa kuhusu umri wa mtoto. Mwalimu wa Daraja la III A, ambaye mafunzo yake yote ya ualimu aliyapata kwa Kiswahili, aliambiwa tu kwamba ratiba imebadilika.

Kinachotakiwa

Hukumu yangu ni hii. Kiswahili kibebe maarifa, kwa sababu ndicho kinachoeleweka. Kiingereza kifundishwe kama somo, kwa uzito ambao hatujawahi kukipa tangu 1967. Anayesema haya mawili hayawezi kwenda pamoja amechukua woga wa 1984 na kuufanya kanuni.

Uzito huo una gharama, na gharama hiyo inaweza kuorodheshwa. Shule ya msingi iwe na mwalimu aliyesomea Kiingereza kama fani yake, badala ya kipindi kutupiwa yeyote aliye huru. Vyuo vya ualimu viwape wanachuo hao mwaka mzima wa kuizungumza, kuisoma na kuiandika lugha yenyewe kabla ya kuwafundisha mbinu. Kila darasa liwe na sanduku la hadithi za Kiingereza chepesi zilizoandikwa na watu wa hapa, lijazwe upya kila mwaka kwa fedha zetu. Mtihani umpime mtoto kusikiliza na kuzungumza, maana mwalimu hufundisha kinachotahiniwa. Na wakati sekondari bado inafundishwa kwa Kiingereza, mtahiniwa aruhusiwe kujibu sayansi na historia kwa lugha anayoimudu. Hilo la mwisho halihitaji jengo jipya. Linahitaji waraka mmoja.

Mbunge wako atakapokuja kukuambia kwamba sera mpya ya lugha inakuja, usimuulize kwanza ni lugha gani. Muulize walimu wangapi wa Kiingereza wameandaliwa, katika vyuo vipi, na kwa bajeti ipi. Na wewe mzazi, ukienda kumwandikisha mwanao, ya serikali au ya binafsi, kipite kile kibao cha getini, uende moja kwa moja ofisi ya taaluma. Omba kuonana na mwalimu wa Kiingereza. Zungumza naye dakika tano, kisha muulize watoto wake wana vitabu vingapi vya hadithi. Majibu yake yatakueleza kuhusu shule hiyo kuliko ada yake.